Kupiga picha mabohari ya pamba Kasongo

Kasongo kuna mengi zaidi ya kupiga picha kuliko barabara mbovu. Nenda kwenye majengo ya zamani ya pamba. Maniema, mkoa uliko mji huu, ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za Kongo ambako Wabelgiji waliwalazimisha watu kulima pamba, mwaka 1917, na mwaka 1920 ikaundwa kampuni ya Cotonco. Anayepiga picha kutu humo anapiga picha jasho la watu, na inafaa alijue hilo kabla ya kuingia.

Kwanza piga hodi kwa shefu wa mtaa, kisha ofisi ya wilaya, uandikiwe karatasi. Kamera huku huwatia watu wasiwasi, na wana haki: vita vimepita hapa zaidi ya mara moja. Ukisogea hadi Kabambare, jirani ya Kasongo, ongeza tahadhari. Machimbo ya dhahabu ya Namoya huko yanavutia sana, lakini upande wa Salamabila wamekuwepo watu wenye silaha. Mwenyeji akikuambia leo usiende, usiende.

Nje, piga asubuhi mapema. Saa sita jua liko utosini na kuta zote huonekana bapa. Ndani ni kinyume. Saa sita jua hupenya matundu ya mabati na miale hushuka hadi sakafuni, hasa kiangazi, hewa ikiwa na vumbi na moshi wa mioto ya nyika. Pima mwangaza kwenye mwale wenyewe, giza liache liwe giza. Mvua ikianuka, toka haraka: kutu iliyolowa ina rangi nzito ambayo jua likikaza huipati tena.

Halafu mtafute mzee. Usimsimamishe mbele ya mashine ya pamba; muulize, "Mzee, pamba ilikuwa inaingilia wapi?" Mmoja alinishika mkono akanipeleka kwenye kipande cha saruji chenye bolti nne zilizolika. "Hapa palikuwa na mizani." Hapo mkulima alitua mzigo wake, akangoja kutajiwa kilo, na bei iliyokwisha kupangwa na serikali. Inama, sogeza lenzi karibu na bolti, mlango uonekane kwa nyuma. Kwangu picha hiyo inazishinda kuta zote zilizoota mizizi.

Maelezo yaandike siku hiyohiyo, kwa maneno ya mzee. Ukisafisha picha, ya kwanza mpelekee yeye, na jina lake usilitaje popote bila idhini yake.