Dondoo muhimu: Mtu akianguka kifafa mbele yako

Mara nyingi kifafa hutulia chenyewe ndani ya dakika 3. Kazi yako ni kumlinda mgonjwa asiumie.

1. Tazama saa mara anapoanza kutetemeka, maana hofu hurefusha dakika.
2. Ondoa jiko, sufuria ya moto, viti na chochote chenye ncha karibu naye.
3. Mwekee kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, mvue miwani, legeza tai au ushungi.
4. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni: ulimi haumezwi, lakini meno huvunjika.
5. Usimkandamize mikono wala miguu, unaweza kumtegua.
6. Usimmwagie maji, wala usimnusishe kiberiti, kitunguu au kiatu.
7. Usiogope povu wala mate yake: kifafa hakiambukizi.
8. Akitulia, mlaze ubavu ili mate yatoke, kisha hakikisha anapumua.
9. Usimpe maji, chakula wala vidonge hadi azinduke kabisa.
10. Mfunike kanga kama amejikojolea, tawanya watazamaji, kaa naye mpaka ajitambue.
11. Mkimbize hospitali zikipita dakika 5, akirudiwa kabla ya kuzinduka, au akipumua kwa shida.
12. Fanya hivyo pia ikiwa ni mara yake ya kwanza, ni mjamzito, ana kisukari, ameumia au ameangukia majini.
13. Mtoto mwenye homa akipatwa na degedege, mpeleke akapimwe malaria siku hiyohiyo, usisubiri kukuche.