Makosa ya Nyaya za Taa ya Darini

Taa za umeme, au stimu kama wengi wasemavyo, zimeenea mijini na hata katika vijiji vingi vya mashambani. Pamoja na manufaa hayo umezuka mtindo wa watu kupanda ngazi na kushika nyaya wenyewe, wakidhani kwamba kubadilisha taa ya darini ni kazi nyepesi kama kutia utambi katika taa ya mafuta. Kazi yenyewe ni ndogo kweli, lakini kosa lake si dogo. Umeme wa nyumbani hapa Kenya ni wa volti 240, na nguvu hiyo yatosha kumwua mtu. Katika somo hili tutaeleza makosa yanayoonekana mara kwa mara, dalili zake na sababu zake, ili mwenye nyumba ajue lipi limeharibika, na ajue wakati wa kumwita fundi.

Njia ya Umeme

Yafaa ieleweke kwanza kwamba umeme hauwashi taa mpaka upate njia ya kwenda na njia ya kurudi. Waya wa moto huleta umeme. Waya wa kurudishia, ambao mafundi huuita nyutro, huurudisha. Waya wa tatu ni wa ardhi. Huo kwa kawaida haupitishi kitu, bali hungoja siku ya ajali, ili umeme uliotoroka upite humo usipite katika mwili wa mtu. Swichi kazi yake ni kuukata waya wa moto, wala si wa kurudishia.

Katika nyumba zilizofuata desturi ya zamani ya Uingereza, waya wa moto ni mwekundu, wa kurudishia ni mweusi, na wa ardhi ni wa kijani. Nchi hiyo ilibadili rangi zake: mpya ziliruhusiwa mwaka 2004, zikawa sharti mwaka 2006. Katika mpango mpya wa moto ni wa kahawia, wa kurudishia ni wa buluu, na wa ardhi ni wa kijani na manjano. Nyumba iliyojengwa zamani na kuongezwa vyumba baadaye yaweza kuwa na rangi za namna zote mbili.

Mweusi Usio wa Kurudishia

Ukifungua kile kikombe kidogo kilichogongomewa darini, ambacho mafundi hukiita silingi rozi, aghalabu utakuta kebo tatu. Ya kwanza yaleta umeme. Ya pili yaupeleka kwenye taa ya chumba kingine. Ya tatu yashuka ukutani mpaka kwenye swichi. Hapa ndipo wengi wanapokosea.

Mtu huona nyaya tatu nyekundu na tatu nyeusi. Huziunga nyekundu zote pamoja na nyeusi zote pamoja, akiridhika kwamba amefuata rangi. Akirudisha umeme, taa yawaka kabla hajaigusa swichi. Akibonyeza swichi, mlio wasikika, fyuzi yakatika, na nyumba yawa giza. Hapo husema swichi imeharibika, akanunua nyingine, na mambo yakawa yale yale.

Sababu ni hii. Katika kebo ya swichi, waya mwekundu huteremsha umeme, na mweusi huupandisha tena kuelekea kwenye taa. Basi mweusi huo, swichi ikiwa wazi, hauna kitu. Swichi ikifungwa, ni waya wa moto kamili. Ukiuunga pamoja na zile za kurudishia, swichi huukutanisha moto na nyutro ana kwa ana, pasipo taa katikati.

Muungo ulio sawa ni huu:

1. Nyaya tatu nyekundu huungwa pamoja, na hakuna unaokwenda kwenye taa.
2. Nyeusi ya kebo iletayo umeme, nyeusi ya kebo ipelekayo mbele, na waya mmoja wa taa, huungwa pamoja.
3. Nyeusi ya kebo ya swichi huungwa na ule waya wa pili wa taa. Fundi mwema huuzungushia utepe mwekundu, ili atakayekuja baada yake asidanganyike.
4. Nyaya za ardhi zote huungwa mahali pake.

Kama kebo zimekwisha kuchanganyika, usibahatishe. Umeme ukiwa umezimwa kabisa na nyaya zote zikiwa zimetenganishwa, pima kila kebo kwa mita, huku mwenzako akifungua na kufunga swichi ya chumba hicho. Kebo ambayo mita yake hubadilika kila swichi inapoguswa ndiyo ya swichi.

Dalili Nyingine

Taa huzimika, lakini ukigusa kishikio chake unapigwa. Huenda swichi imewekwa katika waya wa kurudishia. Taa imezimika kwa kuwa njia ya kurudi imekatwa, lakini moto bado umefika darini. Kosa hili ni baya kuliko yote, kwa sababu halikati fyuzi wala halionyeshi ubaya mpaka mtu abadilishe balbu. Balbu ya LED inayong'aa kwa mbali usiku, swichi ikiwa imezimwa, yaweza kuwa dalili yake mojawapo, yafaa ikaguliwe.

Taa mbili huwaka kwa unyonge. Yamkini zimeungwa moja nyuma ya nyingine katika njia moja, hata zinagawana volti. Kila taa yapasa kupata moto wake na nyutro yake.

Taa hucheza-cheza, na kikombe kina joto au harufu ya kuungua. Skrubu imelegea. Umeme ukipita mahali palipolegea huzaa joto, na joto huyeyusha plastiki. Zima swichi kuu mara moja wala usingoje kesho.

Fyuzi hukatika kila mara. Wapo wanaofunga waya mnene mahali pa fyuzi ili isikatike tena. Hao wamemfukuza mlinzi na kuuacha mlango wazi. Fyuzi ikikatika yatoa habari ya kosa, tafuta kosa.

Kabla ya Kupanda Ngazi

Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, maana tumekwisha kuona kwamba katika kikombe cha darini moto hukaa daima, taa iwake isiwake. Zima swichi kuu, uwaambie wote waliomo nyumbani, kisha upime kwa kifaa ulichokwisha kukijaribu mahali penye umeme. Simama juu ya ngazi kavu ya mbao, wala si ya chuma.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike kwa mikono mitupu, kwani mtakuwa wawili. Zima swichi kuu kwanza. Usipoweza kuifikia, simama mahali pakavu umsukume kwa ubao mkavu. Kama hapumui, aanze kukandamizwa kifua na anayejua kazi hiyo, na msaada wa hospitali uitwe upesi.

Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 yataka kazi ya kufunga nyaya za umeme ifanywe na fundi mwenye leseni, na leseni hizo hutolewa na EPRA. Mwombe fundi akuonyeshe yake kabla hajafungua kisanduku chake. Ujira wake huenda ukaonekana mkubwa, lakini ukilinganishwa na paa lililoungua, au na mtoto aliyegusa taa iliyodhaniwa kuwa imezimwa, ni fedha chache.

Maswali ya Kujijaribu

1. Kwa nini waya mweusi wa kebo ya swichi hauhesabiwi kuwa wa kurudishia?
2. Taa yawaka swichi ikiwa imezimwa, na fyuzi yakatika swichi ikifungwa. Kosa ni lipi?
3. Swichi iliyowekwa katika nyutro ina hatari gani kwa mtu anayebadilisha balbu?