Rigyuleta ya Zamani na Mtungi Mpya wa Gesi: Somo kwa Kaya za Makwale

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mitungi ya gesi inazidi kuingia jikoni, na pamoja nayo huingia vifaa vilivyokwisha kutumika kwingine: rigyuleta aliyoiacha mpangaji, au mpira wa gesi uliotolewa na ndugu aliyehamia mjini. Mtungi huwa mpya, kifaa kikawa cha zamani. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, uliogandamizwa hadi ukawa kimiminika. Mgandamizo wa ndani ya mtungi ni mara kadhaa ya ule wa hewa tunayoivuta, nao huongezeka kadiri joto linavyopanda. Haupungui sana kwa sababu gesi imetumika. Maadamu kimiminika kimebaki, mtungi unaokaribia kwisha husukuma kwa nguvu kubwa bado. Jiko la nyumbani, kwa upande wake, huhitaji takriban sehemu 3 tu kwa 100 za mgandamizo wa hewa. Kazi ya rigyuleta ni kuishusha nguvu hiyo.

Ndani yake mna utando wa mpira, springi na tundu dogo la kupumulia. Utando ukizeeka hukakamaa na kupasuka. Springi ikishika kutu haifungi sawasawa. Tundu likizibwa na udongo wa nyigu, jambo la kawaida kwa kifaa kilichowekwa stoo muda mrefu, utando hauwezi kucheza na mgandamizo unaokwenda jikoni huharibika. Unyevu na joto la ukanda wa ziwa huharakisha uchakavu huo. Kifaa hakirudii ujana wake kwa kufutwa vumbi.

Kabla ya kuunganisha, mwenye nyumba azingatie haya:

1. Rigyuleta ilingane na valvu ya mtungi. Valvu za makampuni hutofautiana. Isiyoingia vizuri isilazimishwe wala kufungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

2. Atazame tarehe iliyochapwa kwenye rigyuleta na kwenye mpira. Ikiwa muda umepita, au tarehe haisomeki na umri wa kifaa haujulikani, anunue kipya kwa muuzaji anayetambulika.

3. Rigyuleta za kazi za karakana, zenye skrubu ya kuongeza nguvu, zisitumike kwa jiko la nyumbani.

4. Mitungi midogo ambayo jiko hufungwa juu yake moja kwa moja ina pete ya mpira kwenye maungio. Iliyopasuka ibadilishwe.

5. Mtungi usimame wima wakati wote wa matumizi. Ukilazwa, kimiminika huingia kwenye rigyuleta, na lita 1 ya kimiminika huzaa takriban lita 250 za gesi.

6. Baada ya kuunganisha, apake povu la sabuni kwenye maungio yote. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Kamwe asipime kwa kiberiti.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na kutuama mahali pa chini, hasa pale watoto wanapolala kwenye mkeka. Kwa asili haina harufu. Harufu kali huongezwa ili iwe onyo. Inaposikika, mtu asiwashe wala kuzima taa, asiwashe moto wala kutumia simu ndani. Afunge valvu ikiwa anaifikia salama, afungue milango na madirisha, awatoe watu wote, kisha akiwa nje apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Gharama ya rigyuleta mpya huonekana kubwa siku ya kununua. Ipimwe kwa thamani ya paa, ya gunia za mpunga zilizohifadhiwa ndani, na ya wale wanaolala chini ya paa hilo.