Hataza, Alama ya Biashara na Kiondo: Istilahi kama Ngao ya Msusi

Utangulizi

Kwa muda mrefu imevuma nchini Kenya kwamba kiondo, kikapu cha mkonge kisukwacho Machakos na kwingineko, kina hataza ya Wajapani. Aghalabu habari hiyo hutolewa bila nambari wala tarehe ya usajili. Makala hii inashikilia kwamba madai ya aina hii hupata nguvu kutokana na ukungu wa istilahi.

Ufafanuzi wa Istilahi

Hataza hulinda uvumbuzi. Kwa mujibu wa Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001, uvumbuzi huo sharti uwe mpya, na ulinzi wake hukoma baada ya miaka 20. Aidha, nguvu za hataza haziivuki mipaka ya nchi iliyoitoa. Usukaji uliorithishwa toka kwa nyanya hadi mjukuu si mpya, kwa hiyo haustahiki hataza. Mashine mpya ya kusukia huenda ikastahiki. Alama ya biashara, kwa upande wake, hulinda jina au nembo itofautishayo bidhaa za mfanyabiashara mmoja na za mwingine. Hakimiliki hulinda maandishi na kazi za sanaa, zikiwemo programu za kompyuta.

Mifano

Kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili jina "Kikoy" nchini humo, dai lilihusu alama ya biashara, si hataza. Wapinzani walijibu kwamba hilo ni jina la vazi, si la mwuzaji. Ombi liliachwa mwaka 2008.

Katika teknolojia vitisho huwa vikubwa zaidi. Mwaka 2003 kampuni ya SCO ya Marekani iliyaandikia makampuni yapatayo 1,500 ikiyaonya kuhusu kutumia Linux, kisha ikatangaza leseni za kulipia. Mwaka 2010 jopo la mahakama huko Utah liliamua kwamba hakimiliki za Unix, zilizokuwa msingi wa dai hilo, zilikuwa za kampuni nyingine, Novell.

Hitimisho

Msusi wa Machakos akiletewa barua ya vitisho, na aulize: ni haki gani inayodaiwa? Ni ya nani, na ithibati i wapi? Ikiwa ni hataza au alama ya biashara, imesajiliwa nchi gani, kwa nambari ipi, na inakoma lini? Usajili wa Kenya unaweza kuthibitishwa katika taasisi ya KIPI. Barua kama hizo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mfasiri atakayeandika "haki" pale palipostahili "alama ya biashara" atamwachia msusi hofu ileile aliyokuja nayo.