Unasoma Kitabu Gani Siku Hizi?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.



Kila Alkhamisi baada ya sala ya Alasiri, wanafunzi wa darasa la nne mpaka la saba huketi duara barazani, na kila mmoja hueleza kitabu anachokisoma na jambo moja lililomfurahisha ndani yake. Hakuna mtihani wala alama. Anayesoma Riyadhus Salihin hueleza mlango aliofikia, anayesoma hadithi hutusimulia kisa, na asiye na kitabu husikiliza tu. Kikao hiki nilikianzisha mimi, na nusura nikiue mimi mwenyewe. Ndiyo maana nimeona makala yangu iwe juu yake.

Kosa lilianza na zawadi. Nilitangaza kuwa atakayesoma vitabu vingi zaidi hadi mwezi wa Rajabu atapewa kalamu nzuri na daftari kubwa la jalada gumu. Haukupita muda, watoto waliokuwa wakisoma kitabu kimoja kwa miezi miwili wakawa wanamaliza viwili kwa wiki. Nikasema Mashaallah, wala sikujiuliza.

Alkhamisi moja mwanafunzi wa darasa la tano akasimama akakieleza kitabu cha sira kwa maneno mazuri mno, yaliyopangika kuliko umri wake. Nikamuuliza: Mtume (S.A.W.) na Abubakar (R.A.) walikaa siku ngapi katika pango la Thaur? Akanyamaza. Nikamuuliza swali la pili, akanyamaza tena. Wenzake wakacheka, na mimi, Allah anisamehe, nikatabasamu. Alkhamisi mbili zilizofuata hakuja.

Nilipokwenda kwao, mama yake aliniambia kuwa nyumbani hakuna kitabu ila msahafu na madaftari ya skuli. Yale maneno mazuri mtoto aliyasoma nyuma ya jalada, akiwa amesimama mbele ya meza ya muuza vitabu nje ya msikiti siku ya Ijumaa. "Ustadh," akasema mama, "mwanangu alitaka na yeye awe na la kusema."

Mtoto alisema uongo, na hilo nilimwambia bila ya kuficha. Lakini aliyeufungua mlango ni mwalimu wake, na kwa hilo nilimtaka radhi mbele ya mama yake. Zawadi nikaifuta.

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Bibi Asmaa binti Abubakar (R.A.) kuwa mwanamke mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama kuna ubaya kumwonesha mke mwenziwe kuwa amepewa na mumewe kitu ambacho hakupewa. Mtume (S.A.W.) alimfananisha mwenye kufanya hivyo na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Wanachuoni wameieleza hadithi hii kuwa inamhusu kila anayejipamba kwa asicho nacho, na elimu ni miongoni mwa mapambo hayo. Basi mtu anaposema "nimekisoma kitabu hiki" anatoa ushahidi. Ni maneno mepesi mdomoni, na sote tunayasema haraka, hata sisi walimu. Mimi mwenyewe nina vitabu kabatini tangu nilipokuwa nachukua diploma ambavyo nikiulizwa habari zake hutikisa kichwa kama mtu anayevijua. Nimefika nusu.

Waliotutangulia walilichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa. Katika miji kama Damascus, zama za kati, watu walikuwa wakikusanyika kusikiliza kitabu kikisomwa mbele ya shekhe, kisha majina yao yakaandikwa kwenye nakala ile ile: nani alikuwapo, nani alisoma, tarehe gani na wapi. Orodha hizo huitwa samaa, na nyingi zipo mpaka leo. Utakuta humo majina ya wanawake na ya watoto wadogo walioletwa na wazazi wao. Na aliyekosa sehemu ya kitabu huandikwa kuwa ameikosa. Haikuwa aibu kwake kuikosa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Bibi Karima al-Marwaziyya, aliyeishi Makka na kufariki mwaka 463 Hijria. Alikuwa mpokezi mashuhuri wa Sahihi Bukhari. Al-Khatib al-Baghdadi, mmoja wa wanachuoni wakubwa wa wakati huo, alipokwenda kuhiji alimsomea kitabu hicho chote kwa siku tano. Na ilikuwa desturi ya Bibi Karima kuwa akisomesha hulinganisha na nakala yake ya asili. Hakutegemea kukumbuka tu wala sifa aliyokuwa nayo. (Wasichana wetu wa darasa la saba wanaoona haya kusimama kikaoni, na walisome jina hili mara mbili.)

Kutokana na hayo tumeweka sharti moja tu: msemaji huanza kwa kutaja ukurasa aliofikia. Yule kijana nilimwazima kitabu kile kile cha sira. Alkhamisi aliyorudi alisimama akasema, "Nimefika ukurasa wa kumi na moja." Akazieleza kurasa zile mpaka muadhini akatukatiza. Hakuna aliyecheka.

Limebaki suala la hadithi za kubuni, ambalo baadhi ya wazazi wamenijia nalo. Rai yangu ni kuwa kitabu hupimwa kwa kilichomo: kikimvuta mtoto kwenye haramu au kumpambia maovu, tutakiondoa; kikimfunza akili, lugha na tabia za watu, hakuna ubaya maadamu hakimsahaulishi sala na Qur'ani. Mzazi mmoja alirudisha kitabu cha Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapwa mwaka 1960, kwa kuwa hakutaka habari za mizimu nyumbani kwake. Nikamwomba kwa heshima akisome kidogo. Bwana Msa, mpelelezi wa kisa kile, anayachunguza mauaji kwa akili na kuuliza watu, wala habari za mizimu hazimbabaishi. Mzee wangu yule naye alikuwa amesoma jalada.

Kwa wakubwa wanaoniuliza mimi nasoma nini, jibu ni kitabu cha Sheikh Abdullah Saleh Farsy juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Wengi tunamjua kwa tafsiri yake ya Qurani Takatifu, iliyotoka kamili mwaka 1969. Katika kitabu hiki anawataja masheikh wa Unguja, Lamu, Mombasa na kwingineko: nani alisoma kwa nani, na nani akasomesha nani. Ukikisoma utaona kuwa masheikh wetu nao walikuwa wakiulizana swali lile lile la Alkhamisi. Nimefika ukurasa wa sitini.

Sanduku la vitabu liko ofisini kwa mudiri. Kuazima ni bure, lakini jina lako liandikwe, usikunje kurasa, wala usimwazime mwenzio kabla ya kukirejesha. Mzazi mwenye kitabu anachotaka kukitia wakfu akilete na aandike ndani yake kuwa ni wakfu.

Kazi ya likizo: kila mwanafunzi amuulize mtu mzima mmoja wa nyumbani kwao kitabu gani alikipenda, nani alimsomesha au alimpa, na alifika wapi. Kama hakujaaliwa kusoma, aulizwe nini alisomewa akakipenda. Andika nusu ukurasa, uje nao Alkhamisi ya kwanza baada ya kufungua.

Wabillahi tawfiq.