Banda Moja, Vichwa Vinne

SWALI: Sisi ni vijana wanne hapa Kitengela, tunabuni banda la kuku la magurudumu. Kikaoni tunakubaliana, lakini kazi ikianza kila mtu ana banda lake kichwani. Tufanyeje?

JIBU: Shikeni chaki. Lichoreni banda sakafuni kwa ukubwa wake halisi, mwingie ndani, mwiname mkiokota mayai. “Mlango mpana” una maana nne kwa watu wanne. Mstari wa chaki una moja. Choreni haraka, bila rula: mchoro nadhifu huwafunga watu midomo, wa harakaharaka huwaalika kufuta na kusahihisha.

Kisha tengenezeni banda la majaribio. Mna mfano jirani: Richard Turere, Mmaasai aliyekulia pembeni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, akilinda ng'ombe wa babake dhidi ya simba. Alijaribu moto, ukawamulikia simba zizi. Akaweka sanamu ya kuwatisha, wakaizoea. Usiku mmoja, akizunguka na tochi, akagundua simba huogopa mwanga unaotembea. Akaunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kisanduku cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu, apate taa zenye mwanga kama huo. Bibi mmoja jirani, aliyekuwa akipoteza mifugo, akaomba afungiwe taa hizo pia. Kufikia hotuba yake katika jukwaa la TED mwaka 2013, alikuwa amezifunga katika maboma 7.

Nanyi jaribuni vivyo hivyo: banda lenu la kwanza liwe la katoni na mbao chakavu. Mpelekeeni mfugaji, mnyamaze, mtazame mkono wake unaenda wapi kwanza.