Kuchagua Pawa Saplai ya Kompyuta ya Michezo

Kijana anayejiundia kompyuta ya michezo nyumbani aghalabu hutumia sehemu kubwa ya fedha zake kwa prosesa na kadi ya picha, kisha hununua pawa saplai kwa zile zilizosalia. Huo ni utaratibu wa hatari. Kifaa hicho kimoja ndicho kinachovilisha vingine vyote, na kikiharibika vibaya huweza kuviunguza pia.

Kazi ya pawa saplai

Umeme wa majumbani katika Afrika Mashariki ni wa mkondo geu, wenye volti zipatazo 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Sehemu za kompyuta haziwezi kuutumia kama ulivyo. Pawa saplai huubadili uwe mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Prosesa na kadi ya picha, ambazo ndizo zinazokula umeme mwingi, hutegemea hasa njia ya volti 12.

Kukadiria mahitaji

Ichukuliwe kompyuta ambayo prosesa yake hutumia wati 142 ifanyapo kazi kwa nguvu zote, kadi ya picha wati 200, na sehemu nyingine zote wati 70. Jumla ni wati 412. Hata hivyo, kadi ya picha haivuti umeme kwa kiwango kimoja. Kwa kipindi kifupi mno huweza kuvuka sana wastani wake. Kwa hiyo huongezwa akiba, tuseme asilimia 40:

412 × 1.4 = wati 577 hivi.

Pawa saplai ya wati 600 au 650 itafaa. Ya wati 1,000 haitaiongezea kompyuta kasi yoyote, kwa kuwa kompyuta huvuta kile inachohitaji tu.

Kusoma lebo

Kanuni ni hii: wati = volti × ampea. Ziwekwe mezani pawa saplai mbili, zote zimeandikwa wati 650. Lebo ya kwanza yaonyesha ampea 54 katika njia ya volti 12, yaani 54 × 12 = wati 648. Ya pili yaonyesha ampea 30, yaani wati 360 tu. Prosesa na kadi ya picha za mfano wetu zahitaji wati 342 peke yake. Zabaki wati 18. Kompyuta itazimika ghafla mchezo utakapopamba moto. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye kasha, basi, haitoshi kuwa ushahidi.

Ufanisi

Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 90 ikitoa wati 412 huvuta ukutani wati 458, na 46 hupotea kama joto. Yenye ufanisi wa asilimia 75 huvuta wati 549, na 137 hupotea. Tofauti ni wati 91. Kompyuta ikifanya kazi kwa nguvu zote saa 4 kila siku, kwa siku 30 hupotea uniti 11 hivi za umeme. Alama ya 80 PLUS, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2004, huonyesha kuwa ufanisi umepimwa na kufikia angalau asilimia 80.

Tahadhari

Baadhi ya pawa saplai zina swichi ya kuchagua volti 115 au 230. Ikiachwa kwenye 115, kifaa kitaungua mara kichomekwapo. Aidha, kasha lisifunguliwe kamwe. Kapasita za ndani huweza kuhifadhi yapata volti 325 (230 × 1.414) hata baada ya waya kuchomolewa, na umeme huo huweza kuua.

Maswali

1. Prosesa hutumia wati 65, kadi ya picha 115 na sehemu nyingine 60. Kadiria pawa saplai inayofaa kwa akiba ya asilimia 40.
2. Prosesa na kadi hiyo zahitaji ampea ngapi katika njia ya volti 12?

Majibu: (1) wati 336, basi ichaguliwe ya wati 350 au zaidi, (2) ampea 15.